Watoto Kumi na Mmoja Uliotuachia

Mwaka mzima umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu vya kazini na usiinuke tena. Daktari alisema ni moyo. Baba alisema haiwezekani, kwa sababu ulikuwa na miadi na watoto wawili saa tatu. Tulikuzika kesho yake, na tangu hapo tumekuwa na hasira kidogo na wewe, maana haikuwa tabia yako kuondoka mahali kabla kazi haijaisha.

Kwa wasiokujua, kwa kuwa na wao watasoma: ulikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na kwa miaka ishirini na sita ulishughulika na watoto wanaochelewa kutembea au wanaotembea kwa shida, wengi wao wakiwa na mtindio wa ubongo. Wenyewe walikuita Mama Nyayo. Uliwachovya miguu kwenye beseni la rangi ya maji, wakapita juu ya karatasi ndefu iliyotandazwa sakafuni, halafu ukapiga magoti na kupima kutoka kisigino hadi kisigino. Karatasi hizo zilijaa nyumbani: juu ya makabati, chini ya vitanda, nyuma ya jokofu. Wageni walidhani tunapaka rangi nyumba na hatumalizi.

Hukuwa mpole wa kupitiliza, tusikusingizie. Mzazi akiingia amembeba mtoto anayeweza kujikokota mwenyewe, ulimkatiza salamu. "Mshushe. Hiyo kazi ni yake, usimwibie." Lakini mtoto akianguka, uliketi sakafuni naye mpaka aamue mwenyewe kuinuka, hata kama foleni imefika nje. Na mimi binti yako mkubwa, fundi cherehani, ulinitania mbele ya wateja wangu: "Wewe unapima watu wamesimama. Hiyo nayo ni kazi? Jaribu kuwapima wakienda!"

Ujanja wako mkubwa ulikuwa kibanio cha nguo. Ulisema mtoto akijua miguu yake inatazamwa, atatembea kwa ajili ya mtazamaji, na kipimo kitakuwa cha uongo. Kwa hiyo ulimpa kibanio akipeleke upande wa pili wa karatasi, ambako Baba alikaa kwenye kigoda amenyoosha mkono. Baba ni seremala, na siku za vipimo alifunga karakana aje kukaa pale. "Simpimi mtoto anayetembea," ulituambia. "Nampima mtoto anayekwenda mahali." Baba ndiye aliyekuwa mahali penyewe, na cheo hicho alikiringia mtaa mzima.

Ni Baba huyo huyo aliyekuharibia miaka miwili. Alikuja kliniki na pimamaji lake kufunga ufito wa kushikilia kwenye ukuta wa korido. Akaliweka ukutani, akaliweka sakafuni, akajikuna kichwa.

"Mke wangu," akasema, "ukuta wako hauna neno. Sakafu ndiyo imelewa."

Korido ilikuwa na mteremko mdogo, usioonekana kwa macho, ili vitanda vya magurudumu visukumike kirahisi. Vipimo vya mwanzo vya utafiti wako wa miaka ile miwili ulikuwa umevichukua kwenye jengo la zamani, sakafu tambarare. Vipimo vya mwisho uliwachukulia watoto hapo koridoni, kila mmoja akitoka mlangoni kwenda dirishani, yaani akishuka. Zile hatua ndefu ulizokuwa ukizishangilia mezani kwetu, sehemu yake kubwa ilikuwa kazi ya mteremko. Walikuwapo waliokushauri unyamaze, maana taarifa ilikwisha sifiwa. Uliwaandikia wafadhili na kila mzazi barua, ukasema umekosea na unaanza upya. Ulilia jikoni huku umefungulia bomba tusisikie, na tulisikia. Wiki iliyofuata uliazima ukumbi wa shule ya jirani, Baba akaipima sakafu kila pembe, na ukaanza tena na mtoto wa kwanza.

Swali lako mara hii lilikuwa moja, na hata dereva wa teksi ulimweleza akaelewa. Je, mtoto anayefanyishwa mazoezi nyumbani na mzazi aliyefundishwa vizuri, atapiga hatua sawa na yule anayeletwa kliniki mara tatu kwa wiki? Ulilisema kwa uchungu, kwa sababu uliwajua kina mama waliofika wamelowa jasho, mtoto mgongoni, kazi wamepoteza, mume amenuna. Ulitaka jibu liwe ndiyo. Ulilitaka sana, wala hukuficha. Ukachukua watoto sitini na wanne, ukawagawa kwa kura, nusu nyumbani, nusu kliniki, na kila mmoja alipaswa kupimwa tena mwaka wake ukitimia, ndani ya siku saba. Ulipoinamia viatu vile, ulikuwa umewapima hamsini na watatu.

Kliniki ilitaka kufunga mafaili. Walisema pole nyingi, wakaleta na maboksi. Mwenzako wa kazini, yule uliyempa jina la Bi Saa kwa sababu haachi saa yake ya kuhesabia sekunde hata akinywa chai, alikuja nyumbani siku ya tisa ya msiba, akaketi na sisi kwenye mkeka.

"Poleni sana. Sitawadanganya," alisema. "Wamebaki kumi na mmoja. Tukiwakosa, sitini na wanne ni karatasi za kufungia maandazi tu. Ruhusa nitaitafuta mimi. Mikono sina."

"Mikono ipo," mama mdogo alisema, kabla hatujaulizwa.

Basi tukaingia, Mama, na wazazi wakasaini upya kukubali watoto wapimwe na sisi. Bi Saa alinifunza kupima wiki mbili nzima, kwa nyayo za wanangu mwenyewe, mpaka vipimo vyangu vikawa sawa na vyake mara kumi mfululizo. Alinikaripia kuliko ulivyowahi kunikaripia wewe. Orodha ya nani ni wa nyumbani na nani wa kliniki aliifungia kabatini, nisije nikapima kwa huruma. Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, alichukua daftari la namba. Baba alikataa kuja. Alisema hawezi kukaa kwenye kile kigoda halafu anyanyue macho aone mtu mwingine amepiga magoti pale. Hatukumlazimisha. Siku ya mtoto wa kwanza tulimkuta ukumbini tayari, amenyoa ndevu, amekaa.

Kumi walikwenda vizuri. Wa kumi na mmoja alikuwa yule msichana wa miaka tisa uliyemwita Mkaguzi, kwa sababu kila akiingia chumbani hukagua kwanza nani kakaa wapi na taa gani imeungua. Alikuja siku ya saba, ya mwisho kwake, jioni, mlinzi ameshashika funguo. Alikuwa amekua. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu, na alichokifanya kwanza ni kututazama mmoja mmoja.

"Mama Nyayo yuko wapi?"

Mama yake akainamisha kichwa. Hakuwa amemwambia.

"Amefariki," nikasema. "Mimi ni binti yake."

"Lini?"

"Miezi mitano iliyopita."

Akafikiri. "Na nyinyi mnajua kupima, au mnabahatisha?"

"Tunajua."

"Haya. Leteni kibanio."

Alitembea, Mama. Mguu wa kulia aliuburuza vibaya, akasimama mara mbili, na mara ya pili nilidhani ataketi. Baba hakusogea mbele hata inchi moja. Alipofika aliweka kibanio kiganjani mwa Baba akasema, "Mzee, umekaa mbali leo." Hakukuwa na umbali wowote ulioongezeka. Niliangua kilio, Bi Saa akanifukuza nje kwa muda.

Kabati lilipofunguliwa, tulikaa mezani kwetu, mdogo wangu na penseli yake. Kwa watoto wadogo, wale wa chini ya miaka minane, jibu lilitoka safi: wa nyumbani na wa kliniki walipiga hatua sawa. Tulishikana mikono. Kisha akafika kwa wakubwa, akaweka penseli chini. Wakubwa wa nyumbani walikuwa wamerudi nyuma. Mkaguzi alirudi kuliko wote, hatua yake ikiwa fupi kwa sentimita sita kuliko mwaka mmoja kabla.

"Bila yeye," mdogo wangu akasema taratibu, "hii ya wakubwa inaweza kupita kama bahati mbaya tu. Jibu lingekaa vizuri. Lingekuwa ndiyo."

Na hapa nakiri mbele ya wote. Ni mimi niliyesema tumtoe. Nilisema alikuwa ametoka kuumwa homa, alikuja dakika za mwisho, hesabu haitamhitaji. Nilikuwa nataka nikupelekee kaburini ile ndiyo yako. Bi Saa alifungua mdomo anijibu, lakini Baba alimtangulia.

"Yule mtoto alinifikia," alisema. "Mnataka kuandika kwamba hakufika?"

Mdogo wangu aliandika sentimita sita.

Habari hizo nilizipeleka mwenyewe kwa mama yake Mkaguzi. Aliuliza kama mwaka wote ule wa kumnyoosha mtoto miguu kila asubuhi ulikuwa wa bure. Nilimwambia alichonieleza Bi Saa, kwamba umri ule mifupa hurefuka upesi, misuli ikabaki nyuma na kukaza, na mikono ya mzazi peke yake haiwezi kushindana nayo. Kosa halikuwa lake. Bila zile sentimita sita, angeambiwa aendelee hivyo hivyo nyumbani, yeye na wengine wote wenye watoto wakubwa. Sasa Mkaguzi anarudi kliniki mara tatu kwa wiki, na juzi ameripoti kwamba taa mbili hazifanyi kazi.

Taarifa imepokelewa mwezi uliopita. Kina mama wa watoto wadogo sasa wanakuja mara moja kwa mwezi, na siku zilizobaki wanafanya kazi zao. Nafasi zilizoachwa wazi wamepewa wakubwa. Ukumbi wa shule tumeomba tena, kwa sababu hatujui bado mtoto mkubwa ahudhurie kwa miezi mingapi ndipo asirudi nyuma, na Bi Saa anasema swali la namna hiyo halijibiwi kwa kuomboleza. Tunaanza Jumatatu.

Wanaokukumbuka: mume wako, ambaye bado anaweka vikombe viwili, mimi binti yako, mwanao mwalimu na mkewe, dada yako, mama yetu mdogo, anayesema ulikuwa mbishi tangu mkiwa wadogo, wajukuu wako watatu, ambao nyayo zao sasa ziko nyuma ya jokofu pamoja na za wenzao, Bi Saa, tuliyemfanya ndugu kwa nguvu, na watoto sitini na wanne, kila mmoja kwa mwendo wake.

Maisha yetu yote utabaki nasi, Mama. Ulitaka ndiyo, na tulichopata ni ndiyo kwa baadhi na hapana kwa wengine. Tumeyaandika yote mawili, na jina la kwanza juu yake ni lako.