Baba Mkubwa Hakukataa Mazoezi

Miembeni,
Bukoba.
14 Mei 2025

Mpendwa Dada Adventina,

Kabla hata ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha uichane. Usiipige picha, wala usinitaje kwenye kundi la ukoo. Mkataba wangu hapa hospitalini ni wa muda, na haya ninayoandika yanatosha kunifukuzisha.

Hamjambo huko Dodoma? Watoto wameshapona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Umeambiwa kwamba baba yako anakataa mazoezi. Si kweli. Neno hilo kwenye kadi yake ya hospitali ni mwandiko wangu.

Mimi ndiye ninayeandika ratiba ya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi. Asubuhi madaktari wanapita wodini, kwa hiyo niliagizwa niwapange wote saa saba mchana. Saa hiyo hiyo ndiyo ya kuona wagonjwa. Bwana Kamala, mtaalamu wa mazoezi, akifika anamkuta Mama mkubwa Celina na nusu ya kijiji cha Kaagya wamezunguka kitanda cha Baba mkubwa, ndizi zinafunuliwa kwenye majani. Hasubiri. Ananiambia niandike "Amekataa".

Mara ya kwanza nilijaribu. "Hakukataa, Bwana Kamala. Alikuwa analishwa."

"Andika, karani," akacheka. "Au utamnyoosha mguu wewe?"

Nikaandika. Sasa zimefika mara tano.

Na sisi wenyewe tunammaliza kwa mapenzi. Juzi aliunyanyua ule mkono mzito apokee kikombe. Mama mkubwa akakiwahi, akamnywesha mbele ya wageni. "Mume wangu ahangaike na mimi nipo?" Wageni wakamsifu. Baba mkubwa akageukia ukutani. Siku nzima alitolewa kitandani mara moja tu, akabebwa kwenda chooni.

Jana tulibaki wawili. Akaniambia, "Avit, nisimamishe nione kama huu mguu bado ni wangu." Nikatazama mlangoni, dada. Nikamwambia amsubiri mtaalamu.

Hapa anayeandikwa mara tano kuwa amekataa huruhusiwa kwenda nyumbani, kitanda apewe mwingine. Baba mkubwa anarudishwa Kaagya Jumatatu, tarehe 19. Mama mmoja wa Muleba aliruhusiwa hivyo hivyo mwezi wa tatu. Aliletwa tena na vidonda mgongoni, na hakutoka akiwa hai.

Wewe ni binti yake, watakusikiliza. Mpigie mganga mfawidhi kesho kutwa, Ijumaa. Muulize kwa nini mazoezi yamewekwa saa ya chakula. Dai saa moja na nusu asubuhi, madaktari hawajaanza kupita. Kamala huwa ameshafika, anakunywa chai. Na mwambie mama yako aache kumlisha. Mimi ananiona mtoto.

Nisalimie Shemeji Gamaliel na Restituta mdogo. Mungu awalinde, na anisamehe mimi ile kadi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa ni mwoga,
Avit

Usinipigie ofisini. Mpigie Elieth, mchumba wangu, kule Ijuganyondo. Namba yake iko ndani ya bahasha. Nitakuwa kwake kila jioni saa kumi na mbili, hadi Jumapili. Usiseme ni habari ya hospitali, sema unamtaka Avit. Ukichelewa hadi Jumatatu, usinitafute tena mimi. Panda basi uende Kaagya moja kwa moja, umkute bado anaongea.