Safari ya Mama Mikumi

Magomeni, Kilosa

Kaka Yeremia, shikamoo.

Jumamosi nilikodi gari nikampeleka mama Mikumi, maana tangu tumzike baba hajatoka nje ya mji. Tulikwenda polepole. Tembo walipovuka lami dereva alisimama, mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Njiani tulinunua hindi la kuchoma, akanimegea kipande kikubwa kama zamani.

Tulipofika nyumbani nilimshika mkono ashuke. Akanitazama usoni, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mimi, mwanawe! Akabaki vilevile akisubiri, kaka, kama mtoto aliyefundishwa adabu, mpaka nikaitikia marahaba.

Nakusihi, njoo wiki hii. Wewe bado anakutaja kwa jina.

Mdogo wako,
Magdalena