Chachu ya Kibuyu cha Mushaki

Goma, Jumatano

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika upendo wa Bwana. Naomba barua hii ikukute goti limepoa, ingawa najua mvua za Mushaki hazina huruma nalo. Mimi ni mzima. Ungeniona ungesema nimenenepa.

Uwingabire alinipigia simu. Harusi ya mdogo wangu huyo inanifurahisha, lakini ameniambia kwamba unakataa kumchagulia kibuyu. Anasema unarudia tu: “Nitamupa kibuyu tupu? Chachu ya koko yenu ilishakufa siku ile tulikimbia.” Nakuelewa, Mama. Kwetu binti huenda kwa mume na mashanza, maziwa ya mgando ya nyumbani, ili maziwa yake yagande kwa chachu ileile. Yako ulipewa na mama yako, koko Nyirakamana, na kibuyu kikavunjikia njiani wakati wa kukimbia vita, karibu na Sake. Hata mimi nililia.

Sasa nikueleze kazi yangu ya labo, huku maabara, maana nasikia unawaambia watu wa kanisa kwamba nafuga microbe, vijidudu. Ni kweli nafuga, ila ni wale wanaogandisha maziwa, ambao tumewala tangu utotoni. Unakumbuka maji ya fromaji, yale yanayobaki jibini ikiganda, tuliyokuwa tukiwamwagia nguruwe? Yana sukari ya maziwa. Microbe hawa wana kitu kinachoitwa enzime, kinachoikata sukari ile na kuiunga upya. Tunapata unga mtamu kidogo wa kutia kwenye uji wa watoto. Unga huo huwalisha microbe wazuri wa tumboni.

Chef wetu, mkuu wa labo, Papa Manassé, alijaribu mashanza ya vilima vingi. Microbe mmoja akawashinda wote kwa kazi hiyo, nami nikaambiwa nimpe jina.

Usinikasirikie, Mama. Anaitwa Mukasine, kama wewe. Alitoka katika chupa ya mashanza uliyonifungia nikirudi shuleni, kabla ya vita kutufikia. Nilikunywa karibu yote. Kidogo kilichobaki nilikipeleka labo, nilikokuwa nikijifunza kazi, kikawekwa kwenye baridi kali. Sikukuambia kwa sababu niliogopa kukupa tumaini la bure. Jana niligandisha maziwa kwa chachu hiyo. Nilionja, nikalia mbele ya Papa Manassé bila haya.

Ngabo, dereva wa gari la maziwa, atakuletea chupa pamoja na barua hii. Imimine kwenye maziwa ya uvuguvugu, funika, uweke karibu na moto. Ukionja ukakuta ni yenyewe, mchagulie Uwingabire kibuyu kizuri.

Nisalimie Papa, na ng'ombe wetu wawili waliobaki. Na mwambie Uwingabire asimalize yote kwa ulafi. Abakize kidogo, kama nilivyobakiza mimi.

Binti yako akupendaye,
Claudette