Mwanga Uliogonga Kioo cha Wateja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni fundi rangi, elektroniki nimejifunza kwenye simu tu, na mke wangu ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndicho duka lake, sasa miezi mitatu iliyopita nilifungua mashine mbovu ya kurekodi DVD nikachomoa kile kidude kinachotoa mwanga, wanakiita dayodi, nikakifunga kwenye betri moja kwa moja, maana nilitaka kumtengenezea leza ya kukatia vitambaa ili vidole vyake vipumzike na mkasi, na kwenye video nilimwona jamaa anafanya bila miwani nikasema basi na mimi naweza. Nikalenga kitambaa cheusi, kikafuka moshi, nikafurahi mpaka mkono ukateleza, mwanga ukagonga kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja, ukarudi ukampiga mke wangu jichoni akiwa anatia uzi kwenye sindano. Akauliza nini hicho, nikamwambia waya umepiga shoti.

Tangu siku hiyo jicho lake la kulia lina doa katikati, akitazama sindano haoni tundu, na mama yake kila akija anasema cherehani ndiyo imemmaliza macho, aiuze. Hospitali daktari aliuliza kama kuna mwanga wowote mkali uliompiga, mke wangu akanigeukia akasema, "Baba watoto, si ulisema ni shoti?" nikaitikia kwa kichwa, mshauri, niliitikia. Sasa naogopa nikisema ukweli ataondoka. Nimewaza nikiimaliza ile leza ikakata vizuri angalau kazi yake itaendelea, lakini dayodi mbili zimeshaungua. Je, niweke rezista ya kupunguza umeme ya ukubwa gani?

JIBU

Fundi rangi, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza habari za jicho la mkeo. Sikupaona. Umeuliza rezista.

Haya, nianze na hilo maana ndilo lililokutoa jasho. Anayeanza elektroniki haanzi na leza ya kuunguza. Anaanza na vitaa vidogo, anajifunza kupima umeme kwa mita, anajua kwamba dayodi ya leza haifungwi kwenye betri bila saketi ya kudhibiti umeme. Na haiwashwi bila miwani ya kinga, watu wakiwa nje, vioo vimefunikwa. Wewe uliiwasha mbele ya kioo kirefu kukushinda. Nia yako ilikuwa njema, nakubali, na kwa ule mkono ulioteleza nakuonea huruma. Kwa kule kuitikia kwa kichwa mbele ya daktari, hapana. Mwenzio anailaumu kazi yake mwenyewe, mama mtu anataka cherehani iuzwe, na wewe unasikia unanyamaza. Huna hata haya!

Weka chini hiyo leza. Kesho asubuhi, kabla hajafungua duka, mkalishe umwambie, na mama yake naye asikie. Kisha mrudi kwa daktari, ubebe hizo dayodi, useme kwa mdomo wako kwamba ilikuwa leza, haikuwa shoti. Siwezi kukuahidi kwamba jicho litapona, miezi mitatu ni mingi. Wala siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Akiamua kuondoka, usimzuie kwa machozi. Mbebee cherehani yake mpaka nje.