Matanga ya Nyota, Butere

Shikamoo, Shangazi Zuhura,

Huku Butere miwa imefika hadi mlangoni, na ugali ninaopakuliwa ungetosha nyumba yenu nzima. Mama Makokha, mkulima wa miwa aliyenipa chumba, hakubali nikiacha hata tonge.

Jana usiku nilifunga kamera kwenye darubini uani kwake, nipige picha ya nyota iliyokufa ikaacha pete ya gesi angani. Filamu ilitaka giza tupu kwa dakika arobaini. Nikamwomba azime taa, nikamweleza sababu.

“Kumbe kuna marehemu,” akasema. “Sisi huku hatuachangi marehemu peke yake.”

Akaita majirani. Wakaja na vigoda na chai, wakakaa nami gizani wakinong'ona. Matanga bila moto hawajawahi kuyaona, walisema, lakini hakuna aliyewasha hata kiberiti.

Mara trekta la miwa likatokea kwenye kona, taa zikimulika miti. Nikajua picha imekwisha. Mama Makokha akakimbia akasimama katikati ya barabara na leso yake. “Zima taa. Tuko matanga.” Dereva akazima, akavua kofia, akaja kuketi nasi.

Filamu bado kusafishwa, lakini nina imani nayo.

Mwishoni Mama Makokha aliuliza marehemu alikufa lini. Nikamwambia ni kabla ya mababu wa mababu zetu.

“Basi tumechelewa,” akasema. “Lakini tumefika.”

Mungu akupe afya, Shangazi. Ukitoka uani usiku, tazama juu kidogo, nawe uhesabiwe umefika.

Mwanao,
Rashidi