Mabua ya Mama Aneth

Mgori, Singida
17 Juni 1996

Umenitaja redioni! Jina langu, Selina, limesemwa jana na nchi nzima imelisikia, mpaka Kigoma, mpaka huko visiwani!

Ngoja kwanza nikusalimie, maana nimeanza kama mtu asiyefunzwa kwao. Mwanangu Aneth, hujambo? Kifua kimepona? Vumbi la Dodoma nalijua, ukipita barabarani ujifunike pua. Sisi huku wazima, isipokuwa hili goti langu, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Sasa nikupe yaliyotokea. Wiki nzima nilikuwa nawatangazia watu, kisimani, kanisani, mashineni, kwamba Jumapili mwanangu anazungumza kwenye kipindi cha wakulima. Jana uani palijaa kama kwenye harusi. Ile redio uliyoniletea Krismasi niliiweka juu ya meza, nikaitandikia kitambaa cha maua. Togwa nilikoroga sufuria mbili. Jirani yangu Luciana alikuja na wajukuu wote. Mazengo alikuja, unamkumbuka, yule aliyehamia kutoka Manyoni, asiyekubaliana na mtu hata kuhusu jua. Na Mzee Idrissa nilimpa kiti cha marehemu baba yako.

Ulipoanza kusema nikawaambia, "Nyamazeni, huyo ni wangu." Luciana akasema, "Sauti ni yako wewe, ila mwenzio amemeza kitabu." Nikamjibu amemeza vingi, na wa kwako bado anatafuna kalamu.

Ulieleza vizuri habari ya udongo uliochoka. Tusichome mabua, tusipindue ardhi kwa plau kila mwaka, mabua yabaki yaifunike ardhi mpaka yaoze. Kisha ukasema: "Mama yangu mzazi, Selina wa Mgori, hachomi mabua wala haruhusu ng'ombe kuingia shambani mwake." Hapo nikapiga kigelegele. Nilipiga peke yangu.

Nilipogeuka, Mzee Idrissa alikuwa ameshaweka kikombe chini. Akasema, "Asante kwa togwa, mama Aneth," akaenda zake na kikombe kikiwa nusu.

Aneth, nani alikuambia siruhusu ng'ombe? Umezaliwa hapa. Tukishavuna, shamba halina mlango, mabua ni ya ng'ombe wa yeyote anayepita. Ng'ombe wa Idrissa wanakula mabua yetu tangu wewe hujaanza shule. Samadi ya zizi lake ndiyo inayolisha uwele wetu, na tangu baba yako afariki plau yake ndiyo inayotulimia. Mwaka jana hawakuingia kwa sababu ya ile homa ya mapafu ya ng'ombe. Aliwaswaga mpaka kwa ndugu zake Itigi wasije wakaambukizwa. Mabua yakabaki. Plau haikuwepo, nikachimba vishimo kwa jembe la mkono katikati ya hayo mabua, mgongo unalia. Wewe ulipokuja Krismasi ukakuta uwele unachipua humo, ukaruka kama mtoto, ukanipiga picha, ukaniita mkulima wa mfano. Ningefanyaje? Nani hapendi kuitwa mkulima wa mfano na mwanawe? Nikanyamaza. Hilo kosa nalibeba mimi.

Ila sasa niambie, Idrissa nimwambie nini?

Ni mimi mama yako, mwenye jina la redioni,
Selina


Dodoma
1 Julai 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, usisahau kulikanda kwa maji ya moto. Kifua changu kimepona. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mama, kwa nini hukuniambia siku ile ile? Nilipokuwa pale shambani nikipiga picha ulikuwa umesimama pembeni yangu, umejitanda khanga mpya!

Limeshatoka mdomoni, sasa nisikilize. Mkuu wa huu mradi wa udongo ninaoufanyia kazi alisikia kipindi. Amesema mfano wa mama umewagusa watu kuliko takwimu zetu zote. Wafadhili wanakuja mwezi wa kumi na anataka waletwe Mgori kuona shamba lako. Unajua jinsi nilivyopunguzwa kazi serikalini pamoja na mabwana shamba wenzangu. Hapa nilipo nina mkataba wa mwaka mmoja, unaisha Desemba.

Nakuomba mwaka huu usiingize ng'ombe. Mwaka huu tu. Mzee Idrissa ni muungwana, ataelewa. Na usifikiri nasema haya kwa ajili ya mkataba peke yake. Nimeona kwa macho yangu udongo wa Mgori ukikokotwa na maji ya mvua, mwekundu kama uji wa mtama, ukiishia korongoni. Ninachosema redioni nakiamini.

Mwanao,
Aneth


Mgori
29 Julai 1996

Mwanangu Aneth,

Upo salama? Unakula? Mara ya mwisho shingo yako ilikuwa nyembamba, nikajiuliza huo mradi unawapa nini. Mimi namshukuru Mungu, goti limenyamaza kidogo.

Nimefanya ulivyoniomba. Nimekata matawi ya miiba mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikaziba njia zote tatu za kuingilia shambani. Mabua yapo yamelala, hayajaguswa hata na mbuzi wangu mwenyewe. Hakuna mama mwingine katika kata hii anayeweza kumfanyia mwanawe hivyo, na nimewaambia.

Sasa nikupe na yale ambayo hutayapenda. Siku ya kwanza Mzee Idrissa alipita na ng'ombe wake. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanajua njia, wakakata kona kama kawaida, wakakuta miiba. Wakasimama wananitazama. Idrissa hakugomba. Aliwageuza mmoja mmoja kwa fimbo, akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama Aneth, na samadi je?" Nikamwambia mabua yataoza yawe samadi. Akasema, "Sawa," akaendelea na safari. Bora angenitukana.

Halafu wakaja watu wa mradi wako wawili na gari, wakapima shamba langu kwa kamba ndefu, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka bila hata kunywa maji. Luciana aliwaona. Kufika jioni kijiji kizima kinasema Selina ameuza. Luciana akanijia uani akasema, "Dada, siku hizi kila kitu kinauzwa. Viwanda vinauzwa, ranchi zinauzwa, shamba la mjane litapona? Kwanza ng'ombe wasiingie, kisha wapima kamba, kisha na wewe usiingie." Nikamfukuza kwa maneno. Lakini alipoondoka nilikwenda kuangalia kama hawakuacha vigingi.

Kwenye kikao cha kijiji Mazengo alisimama. Nakuandikia alivyosema, nisije nikampunguzia: "Zamani bwana shamba alikuja na mbolea ya chumvichumvi, akasema asiyeiweka ni mzembe. Ruzuku ikaondolewa, mbolea ikapanda bei mpaka haishikiki. Leo wanakuja walewale, na suruali zilezile, wanasema mbolea ile ilikuwa inaua udongo, majani makavu yanatosha. Hivi udongo ulianza kufa lini? Siku ruzuku ilipokufa?"

Nikasimama nikamwambia mwanangu havai suruali. Watu wakacheka sana, kikao kikafungwa nikiwa mshindi.

Lakini Aneth, wewe si kikao. Swali lake limenikaa kifuani. Nataka unijibu kama mwanangu, usinijibu kama redio. Hao wanaotufundisha, nani kati yao ana shamba linalomlisha? Nani huko mradini analima hivi mwaka wa kumi sasa, nikamwone? Nikiacha plau magugu yatanizidi, na nimesikia Singida mjini kuna duka limefunguliwa linauza dawa ya kuua magugu. Je, mwenye duka na mwenye mradi wanafahamiana? Na mchwa wameanza kula mabua, wakimaliza si wataingia kwenye uwele? Mavuno ya mwaka huu yalikuwa mazuri, kweli, lakini mvua ilikuwa nzuri kwa kila mtu. Hata Mazengo aliyechoma amevuna.

Nakungoja.

Mama yako,
Selina


Dodoma
26 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na ninakula, usiwe na wasiwasi wa shingo. Kazi ni nyingi, nisamehe barua hii ni fupi.

Maswali yako ni mazuri na nitayajibu tukionana. Mwenye duka simjui. Watu wamekuwa na wasiwasi hivyo kila mahali, ni kawaida, wanakuja kuelewa taratibu.

Wafadhili watafika Mgori Alhamisi tarehe 10 Oktoba, saa nne asubuhi. Tafadhali fagia njia, na usimwite mtu, tusiwachoshe wageni. Watakuuliza umeanza lini kulima hivi. Mkuu wangu ameshaandika kwenye taarifa kuwa ni miaka mitatu, kwa sababu mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Kwa hiyo mama, ukiulizwa, sema miaka mitatu. Ni neno moja tu. Mzee Idrissa usimtaje.

Mwanao akupendaye,
Aneth


Dodoma
16 Septemba 1996

Mama, shikamoo.

Wiki tatu sasa sijapata jibu. Unaumwa? Barua ilipotea? Nimemuuliza dereva wa basi, anasema alikuona mnadani ukiwa mzima na unacheka. Mbona kimya?

Aneth


Mgori
24 Septemba 1996

Mwanangu Aneth,

Siumwi. Barua zako zote mbili zimefika. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipotaka kuandika maneno yalikuja makali, na sikutaka karani wa posta abebe matusi ya mama kwa mwanawe.

Natumaini afya yako ni njema. Nimekutengenezea unga wa uwele, nimeupeta mara mbili.

Aneth, mimi kujisifu najua. Ulipofaulu darasa la saba niliwaambia watu umekuwa wa kwanza mkoani, na ulikuwa wa nne katika shule. Hiyo ni chumvi ya mama, kila anayeila anajua ni chumvi, hakuna aliyelima shamba lake kwa ajili hiyo. Lakini hii miaka mitatu kuna mtu atailima. Mwanamke mwingine, Mkalama au Iramba huko, atasomewa kwamba Selina wa Mgori miaka mitatu hajaingiza ng'ombe na anavuna. Atafukuza ng'ombe wa jirani yake. Msimu ukimgeukia, atakula hiyo miaka mitatu? Mazengo anatushuku bila ushahidi. Wewe ulitaka nimpe ushahidi.

Nilikwenda kwa Mzee Idrissa. Nilikwenda mchana, watu wanaona. Nikamwambia yote: mwanangu alisema kisicho kweli redioni kwa sababu mimi nilimwacha aamini, na miiba niliweka kwa sababu ya kibarua chake. Akanivutia kigoda nikae. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umenifukuza kwa kupitia redio kwa sababu kwa mdomo wako usingeweza." Nikamwambia ni kweli, nisingeweza. Akasema, "Basi ungeniambia. Mimi ningengoja. Ila ng'ombe hawasikilizi redio." Tukacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza nani amefika.

Kesho yake nikaondoa miiba upande wa juu. Ng'ombe wameingia, wamekula, wameacha samadi kama zamani. Upande wa chini, ule unaoteremka korongoni, nimeacha mabua. Usidhani nimefanya hivyo kwa ajili ya wafadhili wako. Mvua zilipokatika mwezi wa nne nilichimba kwa kidole kwenye mabua, chini palikuwa na unyevu, na shambani kwa Luciana palikuwa pakavu kama sakafu. Niliona hivyo, sikumwambia mtu, kwa sababu bado sijui ni mabua au ni bahati. Idrissa amesema mwaka huu atalima juu kwa plau, chini nichimbe vishimo vyangu, tuone. Hilo ndilo ninaloweza kuwaambia wageni: mwaka mmoja wa bahati mbaya ya ng'ombe, na mwaka mmoja wa kujaribu. Wakisema haitoshi, warudi baadaye.

Kama mkataba wako utakatika kwa sababu hiyo, mama yako nitalia pamoja na wewe. Chumba chako kipo. Nitawaambia watu umerudi kuja kunisaidia kupima unyevu, na nitajisifu hivyo hivyo.

Na jambo jingine. Mmechagua Alhamisi. Alhamisi hiyo ni siku ya mnada, huku hatabaki mtu ila mimi na kuku. Sijui kama mkuu wako alijua au hakujua, na sitaki kuambiwa. Umeniandikia nisimwite mtu. Nimeshawaita. Mzee Idrissa atakuwepo na wanawe. Luciana amesema atapika, bado ananishuku lakini atapika. Mazengo ameandika maswali yake kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili, na anafanya mazoezi ya kuyasoma. Wageni wawe na subira, na wewe usimame katikati yetu ujibu unachokijua, na usichokijua useme hukijui, na mimi nitapiga kigelegele kwa yote mawili.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako abadilishe ile miaka kwenye taarifa yake, kalamu anayo. Njia nitafagia. Kijiji kizima kinawangoja.

Mama yako,
Selina

N.B. Wageni waje Jumamosi, tarehe 12 Oktoba, si Alhamisi ya mnada.