Kosa Likukute Mezani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Rulenge hatujambo, bibi yako anavuna maharage.

Unasema wenzako wanakucheka kwa kujenga tovuti kwa lugha ngumu ya kompyuta, inayotafsiriwa yote kabla ya kutumika, wakati zao hutafsiriwa mstari kwa mstari zikiwa kazini.

Miaka ya wakimbizi nilikuwa mkalimani kambini. Nilisoma matangazo ya chakula nikiyatafsiri papo hapo kwa Kirundi. Siku moja karatasi ilisema juu kwamba chakula ni Jumanne, chini ikasahihisha kuwa ni Alhamisi. Nilipofika chini, baadhi ya akina mama walikuwa wameshaondoka. Jumanne walikuja, wakarudi na magunia matupu.

Tangu hapo nilitafsiri karatasi nzima mezani kwanza, nikichekwa kwa kuchelewa.

Chelewa tu, mama. Kosa likukute wewe mezani, lisiwakute watu kwenye foleni.

Babu yako